Kigoda cha Makandi

Jumapili, 1 Juni 2025

Leo nimeinuliwa na watu wawili kama gunia la viazi. Mbele ya kanisa zima!

Ilikuwa Meza ya Bwana. Nilipiga magoti vizuri, nikala mkate, nikanywa. Mchungaji akasema tuende kwa amani. Wenzangu wakainuka. Mimi nikajaribu — goti la kulia likakataa, la kushoto likamuunga mkono mwenzake. Mke wangu Makandi alikuwa ashasimama zamani: mkono kwenye reli ya mbao, mara moja, wima. Mimi bado pale. Halafu nikasikia mikono kwapani. Kinyua huku, Bundi kule, wasimamizi wa kanisa. Kilo mia moja na nane si mchezo. Bundi alihema.

Baada ya ibada Kinyua akanivuta kando. Kwa upole kabisa akasema mara nyingine nisihangaike, nikae tu, nitaletewa mkate kitini. Ana orodha. Orodha hiyo naijua: ni ya akina bibi Kanini, miaka themanini na saba. Mimi nina hamsini na sita! Nikamjibu nitafikiria. Njia nzima Makandi hakusema neno, na nilimshukuru.

Jumanne, 3 Juni

Kliniki, Meru mjini. Daktari wa viungo ni binti mdogo, Ntinyari. Akaniambia niinuke kitini bila kushika kitu. Nikaweza mara tatu, ya nne nikaona nyota. Nikamwambia magoti yameoza, anidunge sindano. Akatabasamu.

"Mzee, magoti yako haijaharibika. Ni miguu imesahau kazi, juu huitumii."

Akauliza siku yangu inaendaje. Nikamweleza: boda mpaka lami, gari mpaka mjini, kiti cha ofisi, gari, boda, sofa. Niliona haya kujisikia nikisema. Na sikumwambia kwamba faili za rafu ya chini huwa nazivuta kwa mpini wa ufagio.

Dawa yake ni kukaa na kuinuka. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, mikono kifuani. Nianze na kiti kirefu, nikizoea nishuke kwa kitu cha chini. Kuna kitu cha chini nyumbani? Nikafikiri. Kipo kimoja tu. Kigoda cha Makandi. Na kiko jikoni.

Jumamosi, 14 Juni

Kiti kimezoeleka. Leo kigoda.

Kwetu mwanaume aliyetahiriwa haketi jikoni. Baba yangu alikufa bila kujua chumvi ya mama inakaa wapi. Mimi mwenyewe, miaka ishirini na tisa ya ndoa, husimama nje ya mlango nikaita. Leo niliingia, nikakaa. Makandi aliacha kumenya viazi. Kisha akauliza ni nani amekufa.

Nikamweleza. Akasema sawa, inuka basi. Nikashindwa! Alinivuta kwa mikono yote miwili huku akicheka mpaka machozi. Moshi, alisema.

Jumamosi, 21 Juni

Nimemhesabu. Kutoka saa kumi na moja jioni mpaka sahani ya mukimo kunifikia: mara thelathini na nane. Anainuka kuchukua kuni, anakaa. Anainuka kuongeza maji, anakaa. Chumvi, mwiko, kuku aliyeingia, mbuzi anayelia. Mimi natafuta wa kunifundisha kuinuka na mwalimu mwenyewe ananipikia! Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Miaka yote nilidhani chakula huja tu.

Ana miaka hamsini na mbili. Kumpenda nilimpenda zamani. Hiki cha leo ni kitu kingine — nilikaa pale namstaajabia kama mgeni, mpaka akaniuliza nimekodolea macho nini.

Jumanne, 1 Julai

Soksi! Nimevaa soksi mwenyewe, zote mbili. Makandi alikuja kunivalisha kama kawaida akakuta nishafunga na kamba za viatu. Hakunisifu. Alisema moja ni nyeusi na nyingine ni buluu.

Jumapili, 6 Julai

Nimefanya jambo la kitoto. Mchungaji alipoanza kuita watu mezani, nikaweka simu sikioni nikatoka nje kama mtu aliyepigiwa na ofisi. Siku ya Jumapili! Nikasimama kando ya matangi ya maji nikiongea na hewa. Kupitia dirishani nilimwona Makandi akienda peke yake, akipiga magoti peke yake.

Kinyua aliniona. Akanipungia ile orodha kutoka mbali, kwa upendo. Siwezi hata kumchukia.

Jioni jikoni sikumaliza kumi. Makandi akakoroga chungu, akasema Mungu hana shida na mtu akikawia kuinuka, ila mtu asiyepiga magoti ndiye wa kuulizwa. Nikarudi kigodani nikamaliza.

Alhamisi, 17 Julai

Baridi kali. Nimetembea mpaka lami, siku ya tisa mfululizo. Gichovi wa boda ananifuata nyuma polepole akiuliza kama tumekosana. Ngazi za ofisi — orofa tatu, nikapumzika mara moja tu. Na faili ya chini nikachuchumaa, nikaichukua kwa mkono, nikainuka. Nikatazama kushoto na kulia. Hakuna aliyeona. Ufagio nimeurudisha kwa mama wa usafi, akashangaa ulikuwa wapi.

Kigodani: saba bila mikono. Ya nane, Makandi aligeuka upande mwingine ili asinione nikishika meza. Ana adabu huyu mwanamke.

Jumamosi, 26 Julai

Sijui niandikeje hii.

Makandi alienda sokoni. Nikabaki jikoni peke yangu na kigoda changu — nakiita changu siku hizi. Nane. Tisa. Nikapumzika, nikatazama nguzo ya mlango. Ni nyeusi yote kwa masizi. Isipokuwa mahali pamoja, kando ya kigoda, juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyekaa. Hapo inang'aa. Laini kama mpini wa jembe la zamani. Nikaweka mkono wangu. Ulitoshea, ila vidole vyangu vilizidi.

Jioni nikajifanya nakoroga uji. Kwa pembe ya jicho nikamtazama. Akasubiri niangalie chungu. Mkono ukaenda kwenye nguzo, akauma mdomo, akajivuta. Kila mara! Zile thelathini na nane zote! Na kanisani ile reli. Niliona mkono nikafikiri ni madaha.

Nikamuuliza goti linamuuma tangu lini. Miaka minne. Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuitaka, mbona hakuniambia.

"Ningekuambia uko wapi, Baba Bev? Ulikuwa hujui hata hii jiko iko na mlango."

Kwa Kimeru inauma zaidi. Kisha akaongeza polepole kwamba siku ile niliponyanyuliwa na akina Kinyua, hakunyamaza njiani kwa kunihurumia. Alikuwa akiogopa. Alijua anayefuata kwenye orodha ni yeye.

Nimelia. Hapa naweza kusema. Mke wangu ni shujaa na mimi nilikuwa namhesabu kama mbuzi.

Jumanne, 29 Julai

Ntinyari amemwona. Goti la kushoto limelika kidogo, lakini linaweza kupata nguvu. Mazoezi yaleyale, ila taratibu, na kigoda kirefu kidogo. Akamkataza kubeba kuni na maji. Halafu akanigeukia mimi. Nilielewa.

Maji leo: madumu manne, kutoka bombani mpaka jikoni. Jirani alisimama kwenye ua kutazama. Atazoea.

Fundi ametengeneza kigoda cha pili.

Jumapili, 3 Agosti, asubuhi

Naandikia jikoni. Uji umeshanywewa. Makandi amevaa gauni la kijani na kitambaa cheupe, amekaa mbele yangu, magoti yetu karibu kugusana.

Jana Kinyua alipiga simu; habari za goti la Makandi zimemfikia. Leo ni Meza ya Bwana, aandike mtu mmoja au wawili? Aliuliza kwa upole uleule. Nikamwambia asiandike kitu mpaka nimwone. Akasema basi atatupitia na gari asubuhi.

Makandi anasema tusiende pale kwenye reli. Twende katikati, palipo wazi, anapopita mchungaji, pasipo na cha kushika. Nimemwambia hiyo ni kujitafutia makubwa. Mimi hufika kumi, ndiyo, lakini si nikiwa na suti. Yeye bila nguzo hajafika hata moja. Jana alijaribu mara tatu akarudi chini. Hakulalamika. Alifuta uso akaenda kulisha kuku.

Honi. Kinyua yuko langoni.

Makandi anasema asubiri, kwanza tujaribu hapa. Ameutoa mkono kwenye nguzo. Ameuweka kifuani, na wa pili juu yake, kama tulivyofundishwa. Ananitazama. Anataka nihesabu kwa sauti.

Honi tena. Naweka kalamu, maana ameanza kuinama mbele na mimi bado sijasema moja.