Mama, Uliyeanza Kuogelea Ukiwa na Miaka Sitini na Saba

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ulipotutoka, na hapa mezani tunagombana juu ya tangazo la kumbukumbu yako.

"Habari za bwawa usiandike," binti yako wa kwanza ananiambia. "Andika alikuwa mcha Mungu, mpole, mkarimu. Weka majina, jina langu juu. Funga."

"Mcha Mungu ni kila marehemu gazetini, wifi. Wa bwawani ni yeye peke yake."

"Watu wa heshima watasoma."

"Ndiyo maana naandika."

Mwanao kitindamimba, mume wangu, anatazama saa ya ukutani. Gazeti linapokea matangazo mwisho saa sita mchana, na sasa ni saa nne na nusu. Kalamu ninayo mimi, kwa sababu katika ukoo huu mwenye stashahada ndiye huandikishwa barua zote, za posa na za misiba.

Nisiwazungushe wasomaji. Siku ya mazishi yako, binti yako alisema mbele ya watu kwamba mimi, mkweo, nilikunyima maji siku yako ya mwisho. Tangu hapo shangazi mmoja haitikii salamu yangu, na jirani mmoja akiniona dukani humwinamia muuzaji sikioni. Mwaka mzima nimekuwa na jibu moja tu: dawa ya kusafishia maji ya bwawa ilikuwa imezidi. Leo nilikusudia kulitoa jibu hilo gazetini, jina langu lisafike.

Lakini kwanza wewe.

Magoti yako ndiyo yaliyoleta bwawa. Mtaalamu wa viungo alikuambia utembee ndani ya maji kila siku, dakika ishirini. Bwawa la watu wote liko mbali na lina vidato thelathini na kimoja vya saruji. Ulivihesabu ukiwa chini, ukageuka, ukarudi nyumbani. Ndipo kitindamimba wako akaleta lile bwawa la kusimama juu ya ardhi, lililokwisha kutumika kwa watu, vyuma na plastiki nzito ndani ya maboksi mawili, karatasi ya maelekezo haimo.

Uwanja wa nyuma una mteremko. Alitaka kuusawazisha kwa kujaza udongo upande wa chini. Nilimwambia udongo wa kujaza hudidimia, maji yataegemea upande mmoja na ukuta utapasuka. Chimba upande wa juu. Akasema yeye ni fundi, anajua. Wewe ukiwa kitini ukasema, "Fundi wa redio. Chimba." Akachimba siku mbili, na wewe ukaishikilia ile pima maji ya kupimia usawa ukiangalia kale kapovu kama kangetoroka.

Siku ya kwanza uliingia na gauni lako la zamani la maua. Likajaa hewa, likapanda mpaka kidevuni. "Jamani, nimekuwa mwavuli!" Wajukuu wakacheka hadi wakameza maji. Wakakuita Bibi Bata, ukaitika. Nikakushonea gauni fupi la kitambaa kizito, na suruali yake ya ndani. Miaka sitini na saba, na maji yalikuwa hayajawahi kukupita vifundo vya miguu.

Mwezi wa kwanza ulitembea umeshika ukingo. Mwezi wa tatu ukaachia. Mwezi wa tano nilirudi kazini nikakuta umelala chali juu ya maji, masikio ndani, mikono umeitandaza, na mjukuu wako wa kike amekuwekea kidole kimoja tu mgongoni. Nilikuita mara tatu. Hukusikia. Au hukutaka kusikia. Ulikuwa na tabia hiyo.

Kuyatunza maji ilikuwa kazi yangu. Mimi ni mpimaji katika maabara ya maji, najua jinsi maji yasiyotazamwa yanavyogeuka. Kila asubuhi kabla ya kazi nilivuta turubai, nikaokota majani kwa wavu, nikachota maji kwa kina cha kiwiko, nikayatia matone ya kupimia dawa na kulinganisha rangi yake ya waridi na ile ya kadi. Namba niliandika daftarini. Jumamosi nilitoa chujio la pampu nikalisuuza. Jioni nilisugua kuta kabla hazijashika utelezi, kisha nikakoroga dawa kwenye ndoo, dawa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya dawa, nikaimwaga taratibu nikizunguka. Mwisho ngazi iliingia stoo na kufuli likafungwa, watoto wasije wakapanda peke yao. Wewe ulinifuata nyuma na kiti chako na maswali yako.

"Mkemia, mbona leo hayanuki dawa?"

"Yakinuka sana ndipo dawa imechoka, Mama. Imepigana na uchafu, imebaki harufu."

"Kama binti yangu na manukato yake," ulisema.

Naye yupo hapa, anasoma juu ya bega langu. Ameguna.

Huyo binti hakulipenda bwawa. Alikuja siku moja akakukuta ndani na majirani wawili wenye magoti kama yako, mmeshikana mikono, mnazunguka mkiimba. "Mama mzima ndani ya beseni, mbele ya mkwe!" alisema. Ukamjibu, "Ingia basi. Au unaogopea nywele?" Aliondoka hata maji ya kunywa hakunywa, na hakurudi miezi saba. Kila Jumapili ulikuwa unatazama geti, halafu unasema, "Leo kuna foleni barabarani." Nilikuacha useme.

Wiki yako ya mwisho mvua ilinyesha siku mbili, majani na udongo vikaingia, maji yakawa kama maziwa. Nikafunga bwawa. Siku ya kwanza dawa ilisoma sifuri. Nikatia. Ukauliza, "Leo?" Nikakuambia bado. Siku ya pili ilisoma saba. Ingekuwasha ngozi na kukubana kifua. "Leo?" Bado, Mama. Siku ya tatu, saa moja asubuhi, nilikukuta kwenye kiti cha barazani, umeshavaa gauni lako la maji, taulo begani.

Hapa ndipo nilipokusudia kuandika kwamba dawa ilikuwa tano, bado imezidi. Nimesema tano mwaka mzima. Nilisema tano msibani, nikasema tano kwa mume wangu, nikasema tano hata kwa watu wasioniuliza. Jana nilitoa daftari la vipimo stoo ili niinakili namba hiyo kwa ushahidi. Kwa mwandiko wangu mwenyewe, siku hiyo, saa moja na dakika kumi: tatu.

Tatu mtu anaogelea.

Wala sikuwa nimesahau, Mama. Nilitoa daftari nikitumaini kwamba siku ile niliandika uongo. Kukuingiza majini kulitaka dakika arobaini: ngazi, mguu huu, mguu ule, kukusimamia, kukutoa, kukukausha. Nami nilikuwa na kikao saa mbili, juu ya maji ya watu wengine. Nikasingizia dawa. Nikakuambia kesho. Ulisema, "Wewe ndiye mkemia," ukabaki kitini. Sote tulitoka, wa kazini kazini, wa shule shule. Niliporudi saa kumi ulikuwa pale pale na gauni lile lile, kavu, kichwa umekiinamisha kama anayesinzia. Mkono wako ulikuwa umeshapoa.

Nimeandika hayo, nikaweka kalamu chini. Nimejua wifi amefika mwisho wa aya kwa sababu pumzi yake imetoka begani kwangu. Nilimsubiri anipige na yale maneno ya mazishini. Aliyeanza ni mume wangu.

"Hilo halichapishwi. Futa."

"Sifuti."

"Kazini watakuonaje? Mpimaji wa maji anayedanganya vipimo?"

"Daftari sikulidanganya. Nilimdanganya mama yako."

"Na mimi."

"Na wewe."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na urefu wa mwaka.

Wifi amekaa. Unamjua, hakai kwenye kiti bila kukipangusa kwanza. Leo amekaa hivyo hivyo.

"Alinipigia simu," amesema.

"Nani?"

"Mama. Siku ile. Saa tatu asubuhi. Akasema, Mkemia ameenda kazini, njoo unishike mkono niingie. Maji nimeyatazama, naona mpaka chini."

Mume wangu amesimama. "Dada, siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Ukamwambiaje?" nimeuliza mimi.

"Nilikuwa saluni. Kichwa kizima kina dawa." Amezishika nywele zake kana kwamba dawa bado ipo. "Nikamwambia nakuja. Nipo njiani."

"Ulikuwa unakuja?"

"Hapana. Nilijua hata nilipokuwa nasema."

"Mwaka mzima, wifi! Mwaka mzima umenipaka matope mbele ya ukoo."

"Ningempaka nani? Wewe ndiye uliyekuwa karibu."

Sikumkumbatia, Mama, usije ukadhani. Kilichonijia kwanza kilikuwa furaha, mbaya na ya moto: nimempata. Kalamu hii hapa, gazeti lile pale, na shangazi asiyeitikia salamu ana miwani mizuri. Nimeshaandika maneno manne ya kumchoma.

La tano halikuja. Mwaka mzima nimejiuliza kwa nini hukubadilisha nguo. Nilikuwa nimekwambia kesho. Ungevaa khanga yako ya nyumbani ukapate chai. Nilidhani ulikaa hivyo kunisuta mimi nikirudi. Kumbe hukuwa ukinisubiri mimi. Uliambiwa mtu yupo njiani. Ulikaa tayari, usimcheleweshe akifika.

Nimeyakata yale maneno manne. Nimemsogezea karatasi.

"Shika. La kwako liandike mwenyewe."

"Mimi sijui kuandika mambo ya gazetini."

"Si mambo ya gazetini. Anza na saa tatu."

Mume wangu amesema, "Jamani, ukoo mzima utasoma," na dada yake amemjibu bila kumtazama, "Walinisikia mazishini, wanisome na leo." Kisha ameandika, polepole, kwa herufi zake kubwa:

Mama, mimi ni binti yako wa kwanza. Ulinipigia saa tatu, nikakuambia nipo njiani. Nilikuwa saluni na sikuwa na nia ya kuja. Niliona haya kwa ajili yako, na wewe hukuwa na la kuonea haya. Na zile Jumapili nilizokuambia kuna foleni, hakukuwa na foleni. Mkemia alikudanganya mara moja, mimi nilikudanganya miezi saba.

Amenirudishia kalamu. Suala la jina gani liwe juu hakulitaja tena.

Kwa hiyo jina langu halikusafika, Mama, na la kwake limechafuka. Shangazi akitaka kuendelea kutoitikia salamu, sasa ana watu wawili wa kuwanyamazia. Tangazo linakwenda gazetini sasa hivi, kama lilivyo, pamoja na mikato yake. Ni saa sita kasoro dakika nane, na yeye ndiye anayelipiga picha kwa simu yake na kulituma, mimi nikiwa nimemshikia karatasi isikunjike.

Unakumbukwa na mwanao kitindamimba, aliyechimba. Na wajukuu zako wawili, ambao bado wanakuita Bibi Bata na hawaruhusiwi kuacha. Na majirani wako wawili wa magoti. Na binti yako wa kwanza. Na mimi, mkweo.

Hatutakusahau kamwe, Mama. Hata siku tutakayotaka.