Makaa ya Chumba cha Mzazi

Shule ya Kati,
Ruiru.
23 Julai, 1956

Mpendwa kaka Omar,

Salamu nyingi zikufikie huko Kampala, wewe na wifi Mariamu na watoto. Kifua cha mdogo kimepoa? Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Ya moyoni ndiyo haya ninayokuandikia. Baridi ya mwaka huu ni kali, hata maji ya kunawa alfajiri yanauma.

Barua yako nimeipata. Unataka Apiyo apelekwe polisi kwa kumtilia dada yetu Tausi sumu kwenye uji. Tafadhali, kaka, tulia unisikilize. Uchungu wako naujua, maana mimi ni mmoja wa waliomwosha. Lakini Apiyo hakumwua Tausi.

Tausi alikuja kujifungulia kwa Mama, Thika, kama ilivyo desturi yetu. Nawe unamjua Mama na arobaini yake: mzazi asipigwe na upepo! Dirisha likafungwa, gunia likasukumwa chini ya mlango, jiko la makaa likawekwa karibu na kitanda. Jioni jirani yetu Apiyo akaleta uji, kama alivyoleta kila siku, maskini. Mtoto alikuwa akilia sana, Mama akamchukua walale chumba cha nje. Asubuhi Tausi hakuamka.

Tulipomwosha, midomo na kucha zake zilikuwa nyekundu. Wanawake wakanong'ona kwamba hiyo ni sumu, na aliyempa chakula ni Apiyo. Basi ikawa hivyo. Ibra, mume wa marehemu, akaapa kushtaki, na mwenye nyumba akamwamuru Apiyo ahame.

Nikarudi kazini Ruiru. Somo lilikuwa la kusawazisha milinganyo ya kemia. Unaandika kwa herufi vitu vilivyoungana upande huu, na kilichotokea upande ule, na kila kilichoingia lazima kionekane katika kilichotoka. Hakuna kinachopotea. Nikawaandikia wanafunzi makaa yanayoungua pasipo hewa ya kutosha:

C + O₂ → CO

C ni makaa, O ni oksijeni, ile tunayoihitaji katika hewa. Hesabu mwenyewe: O mbili kushoto, moja kulia. Haikubali. Waweru, mtoto mwenye haraka kama nini, akaja ubaoni akachomeka 2 ndogo chini ya O ya kulia. Zikawa sawa, darasa likapiga makofi. Nikamwambia, wee Waweru, umebadilisha kitu chenyewe! Hiyo sasa ni CO₂, ya moto uliopata hewa ya kutosha. Namba ndogo haiguswi, kwa sababu ndiyo inayokifanya kitu kiwe hicho. Unaongeza namba kubwa mbele tu. Tukaweka 2 mbele ya CO, O zikatosha. Lakini sasa C zilikuwa mbili kulia na moja kushoto, basi tukaweka 2 mbele ya C pia:

2C + O₂ → 2CO

Yaani hewa ni ile ile, makaa yamekuwa mawili, na CO mbili zimetoka.

Ngina, msichana wa dawati la mbele, akauliza hiyo CO inamfanya nini mtu. Nikaanza kumjibu kama nilivyofundishwa: haina rangi, haina harufu, inakaa ndani ya damu mahali pa oksijeni, mtu analala haamki, na damu yake inakuwa nyekundu kupita kawaida. Wallahi, kaka, chaki ilinidondoka. Nikatoka nje nikalia nyuma ya darasa, na watoto wananisikia.

Jumamosi nikaenda Thika. Nilipita kwanza kwa daktari, nikamweleza yote. Akasema ni makaa, na kwamba si Tausi peke yake msimu huu.

Sasa unaona ugumu? Nikimwokoa Apiyo, namchoma Mama. Jiko aliliweka nani? Gunia alilisukuma nani? Nilitaka ninyamaze, lakini nilimkuta Apiyo anafunga vyombo vyake, na hakuna aliyemwitikia salamu.

Nikamwambia Mama taratibu, mjukuu akiwa mapajani mwake. Hakulia. Aliniuliza tu, "Ningeacha dirisha wazi, Tausi angekuwa hai?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Akanipa mtoto, akajitanda kanga, akaenda mlangoni kwa Apiyo, watu wote wakimtazama. Sikusikia alilosema. Niliwaona tu wakikaa chini wote wawili, wameshikana mikono, wakilia.

Apiyo hahami tena, na Ibra ameacha habari za polisi. Lakini tangu siku hiyo Mama hamshiki mtoto. Akiletewa anaficha mikono ndani ya kanga, anasema haifai. Nimembembeleza hadi nimechoka. Kaka, usiandike barua nyingine. Njoo. Wewe ndiye wa kwanza kulelewa na mikono hiyo, nawe u mzima. Njoo umwekee mtoto mapajani.

Baba na Ibra wanakusalimu, na Apiyo pia. Mbusu kila mtoto kwa niaba ya shangazi yake. Mwenyezi Mungu akufungulie njia na akufikishe salama.

Mimi dada yako nikupendaye,
Zainab