Kengele ya Mkono wa Kushoto

Kinango, 3 Juni 2024

Baba mkwe mpendwa,

Shikamoo. Jai Shri Krishna. Kifua kinaendeleaje? Uji unapita? Sisi huku wazima, ila jua halituonei huruma.

Baba, nimeharibu. Wiki iliyopita Kalama alileta lori la maji shuleni. Funguo za geti na tangi ninazo mimi, mwalimu mkuu, nami nilikuwa nyumbani, hapo jirani na shule, katikati ya puja. Alipiga honi, akapiga simu, sikuinuka. Wewe mwenyewe ulinifundisha, mwanao Nilesh aliponioa: sala ya asubuhi haikatizwi. Kalama akaondoka na maji yake, na watoto wakarudi makwao na kiu. Mzazi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyo Mungu wako hajui kufungua geti?"

Nimeandika barua ya kujiuzulu. Naipeleka mwisho wa mwezi. Wewe ulifundisha miaka thelathini na hukukosa puja hata asubuhi moja. Mimi yote mawili yamenishinda, basi nachagua Mungu. Nipe baraka zako.

Mwanao, Dama

Msambweni, 8 Juni 2024

Binti yangu,

Marahaba. Kifua kinakoroma kama pikipiki mbovu. Daktari ameacha kunipa tarehe za kurudi, anasema nile ninachopenda. Basi nala halua na kukuandikia, maana simu siisikii tena.

Usiipeleke barua hiyo. Nina ungamo, na sitaki kufa nalo.

Miaka yote ile nilijifungia chumba cha puja alfajiri, nikawasha taa ya samli, nikaomba dakika tano. Kisha nikasahihisha madaftari ya darasa la saba! Mkono wa kushoto unapiga kengele, wa kulia una kalamu nyekundu. Mama Nilesh huko nje anawakemea majirani: "Nyamazeni, Mwalimu anaomba!" Ulipokuja kwetu ukanitazama kama mtakatifu, nikaona tamu. Nikakupa sheria ambayo mimi sikuifuata.

Dini yetu haimwambii mtu aache kazi. Inamwambia aifanye vizuri, kisha aiweke miguuni pa Mungu kama ua. Kumfungulia maji mtoto mwenye kiu ni puja, Dama. Nisamehe.

Baba yako

Kinango, 19 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Pole na kifua. Halua usiimalize, tunakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Nilikukasirikia siku tatu, sikufichi. Siku ya nne nilicheka mpaka Nilesh akaja kuniangalia. Barua nimeichana. Sasa naamka, nawasha taa, naomba kidogo, na honi ikilia natoka. Jana Kalama kanitania, "Leo Mungu kakupa ruhusa?" Nikamjibu, "Kanituma."

Nimekusamehe. Swali moja tu linaniwasha: Mama alikufa bila kujua?

Mwanao, Dama

Msambweni, 22 Juni 2024

Dama mwanangu,

Marahaba. Pumzi ni fupi, nitasema machache.

Mwaka wetu wa kumi na mbili hivi wa ndoa, niliingia kuomba nikakuta kalamu nyekundu mpya kwenye sinia la puja, katikati ya maua. Alikuwa ameitia tone la kumkumu, ule unga mwekundu, kama alivyokuwa akiwatia miungu kwenye paji la uso.

Nikaichukua, nikasahihishia madaftari ya asubuhi ile. Nilipotoka, chai yangu ilikuwa mezani, na siku ile alikuwa ameitia sukari mara mbili.

Baba yako