Bampa Kabla ya Tairi

Jumanne, Lugoba

Bado nasikia kicheko cha wenzangu wa ofisini. Pikipiki niliyopewa na ofisi ni kuukuu, mimi mwenyewe bado najifunza, na hela inatosha kitu kimoja: tairi zenye meno za kupandia mlima, au bampa la kukinga injini.

Fundi Shomari alisema, "Anza na tairi, mdogo wangu, usianguke."

Bosi akadakia, "Bampa! Huyu ataanguka tu, angalau injini tutaiuza." Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka nao.

Nimenunua bampa. Najua fundi ndiye mkweli, lakini niliogopa kuchekwa tena.

Kesho bosi ananituma kijiji cha mlimani. Mvua inanyesha tangu magharibi. Wakati wa kufunga ofisi aliniambia nimwachie ufunguo wa droo yangu, eti nisiporudi wasije wakaivunja.