Spika Haikufa Njaa

Newala

Mke wangu mpenzi Mama Hadija,

Salamu zikufikie wewe na huyo aliye tumboni. Mwili wangu mzima. Moyo, nisikudanganye, haujatulia: nimenaswa huku. Je, miguu bado inavimba? Mama mkwe anakuja kukuchotea maji?

Ulitegemea niwe Muheza kabla hujajifungua, nami nilitegemea hivyo. Nilimaliza kumfungia muziki kwenye pikapu Baba Somoe, yule mnunuzi wa korosho aliyeniita huku. Siku hizi za ruksa kila mwenye gari anataka lisikike hadi Tandahimba. Spika za besi alipata mbili kubwa, amplifaya akapata ndogo. Nikamwambia hazitadhurika, mradi asipandishe sauti kupita kiasi.

Siku ya watoto kutoka jandoni akalisogeza gari karibu na ngoma. Wapigaji wa huku huzipasha moto kwanza, ngozi ikaze, ndipo zilie. Baba Somoe akafungua sauti yote ili awashinde. Spika moja ikakwaruza, ikaanza kunuka kuungua. Nilipokimbilia kitufe akanishika mkono, anacheka: "Wacha, fundi. Ndiyo kwanza inapata moto."

Ikapata kweli, mke wangu. Ikanyamaza.

Kesho yake kosa likawa langu: eti spika kubwa nimeilisha umeme kidogo, imekufa njaa. Akalifungia ghalani sanduku langu la vifaa, lile la marehemu baba. Nikamwambia njaa haiunguzi. Amplifaya ndogo ikiimba kwa kiasi chake haiui spika. Ikilazimishwa kupiga kelele isizoziweza, sauti inachafuka na koili, ule waya wa ndani ya spika, inapikika. Nikampasulia ile iliyokufa, akaona waya mweusi. Ile nzima nikaipiga kutwa kwa sauti ya wastani, amplifaya ileile, akaigusa, baridi.

Nilidhani nimejikomboa. Akanipa mkono, akasema, "Basi, kosa si lako. Lakini hutoki hapa, fundi. Nani mwingine atanishikia sauti?"

Vijiji ambavyo watoto wao bado wako jandoni ni vingi, na kote anataka kupeleka muziki wake, na ufunguo wa ghala anatembea nao yeye. Nina hasira, hata na ujuzi wangu mwenyewe.

Usinisubiri. Akiwa wa kiume, mpe jina la marehemu baba.

Nisalimie mama mkwe, na shemeji yangu mshona viatu. Hadija akiuliza, mwambie baba ameshika kitufe cha sauti, haruhusiwi kukiachia.

Mumeo,
Baba Hadija