Vitambaa vya Zambarau

Jumatatu, 4 Agosti
Nimesoma taarifa ya saa moja asubuhi redioni. Bei ya mahindi, foleni ya malori mpakani, baridi. Saa tatu kasoro mikseri ya studio imezimika nikiwa nimeishika. Cheche kidoleni, taa zikapepesa, basi. Tusekile, fundi wetu, ameifungua na kusema bodi ya ndani imekufa.

Ni kifaa cha pili ndani ya wiki tatu. Cha kwanza kilikuwa rekoda. Tusekile yuko kwenye mkataba wa majaribio. Meneja Simbeye amemwambia mbele yetu kwamba kifaa kimoja zaidi na arudi kwao Ileje. Hakupandisha sauti. Ndiyo maana tulimwamini.

Sikuridhika. Mikseri ilikufa mkononi mwangu, si mwake.

Jumanne, 5 Agosti
Tunarusha matangazo kwa kipaza sauti kimoja na simu yangu. Nasikika kama mtu aliye ndani ya pipa. Wasikilizaji watatu wamepiga kunipa pole ya mafua.

Upepo, vumbi la malori kila mahali. Mama Nzunda wa mapokezi ana dawa yake ya vumbi: vitambaa vya kufuma. Amefunika kompyuta, mikseri, simu ya mezani, hata birika. Uzi wa nailoni wa zambarau unaong'aa, wa kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia. Kazi safi. Wageni huvisifu kabla hawajasalimia.

Saa tano amekuja Ba Mutale, mfanyabiashara wa maharage kutoka Nakonde, kwa mahojiano. Meneja akatoka ofisini juu ya kapeti lake jipya, lililotandikwa hadi studio, ndani ya jaketi lake la manyoya ya plastiki, akampa mkono. Cheche ikalia. Ba Mutale akaruka.

“Awe, mukwai,” akasema, yaani hapana, bwana. “Bosi wenu ana betri mfukoni.”

Sisi wengine akatusalimu kwa kupiga makofi taratibu, kwa mbali, kama wanavyosalimiwa wakwe. Tulicheka sana. Tusekile hakucheka. Alikuwa anatazama kapeti.

Jumatano, 6 Agosti
Nimefanya kazi ninayoijua. Nimeuliza na kuandika.

Vitambaa vilianza kutandikwa katikati ya Julai. Rekoda ilikufa siku chache baadaye. Mikseri juzi. Kabla ya hapo, miaka sita bila kifaa kufa ghafla. Rekoda nani aliishika mwisho? Mimi. Nilifanya nini kabla ya kuishika? Nilivuta kitambaa. Nimeandika na hilo. Si jambo la kufurahisha kujiandika.

Tusekile anauita umeme tuli. Hewa ikikauka hivi, umeme unajikusanya mwilini ukisuguana na nailoni au kutembea juu ya kapeti. Ukigusa kifaa, unaruka. Wewe unasikia kama mchomo wa sindano. Bodi inaungua mahali padogo kuliko chembe ya chumvi. Ameomba mara mbili kapeti litolewe studio. Hakujibiwa.

Nilitaka kuona. Mchana tukaingia stoo, tukafunga mlango na kuziba dirisha kwa boksi. Akavuta kitambaa kwa nguvu kutoka kwenye sweta lake. Cheche ndogo za buluu, mlio kama bisi zikianza kupasuka. Nilihesabu saba. Akarudia. Tisa.

Nikamwambia amweleze Mama Nzunda. Akakataa kabisa. Mama Nzunda ndiye aliyefungua mlango wa kituo hiki siku ya kwanza. Anaongoza kwaya. Meneja mwenyewe humwamkia kwa kuinama.

“Baba Neema,” akaniambia, “bora nirudi kijijini Ikinga nikalime. Siwezi kumwambia yule mama kwamba vitambaa vyake vinaua mashine.”

Hakuwa anatania. Nikamwendea meneja badala yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema umeme una waya, na vitambaa havina waya.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Wengine wako kwenye maonyesho ya wakulima, sisi tuko kazini. Mikseri mpya imefika kwa basi la Mbeya, ndani ya mfuko wa rangi ya fedha wa kuzuia cheche. Hakuna nyingine. Kitambaa chake tayari kimeshafumwa, kina maua pembeni.

Meneja alitaka ifungwe leo. Tusekile alikataa kufungua mfuko mpaka chumba kitengenezwe. Alisimama wima, mikono nyuma, sauti ndogo. Meneja alitazama saa yake. Amempa hadi Jumatatu saa nne. Ikiwaka, sawa. Isipowaka, au ikifa, barua yake iko mezani. Niliiona. Imeshachapwa.

Niliona aibu. Kosa ni langu na barua ni yake.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekwenda nyumbani kwa Mama Nzunda. Alikuwa uani anachagua maharage, na pembeni kikapu cha uzi wa zambarau. Sikujua namna nzuri ya kulisema. Nikalisema kama taarifa: tarehe, vifaa, stoo, cheche saba, cheche tisa. Na barua.

Aliendelea kuchagua maharage. Mawe huku, maharage kule.

“Vinalia,” akasema mwisho. “Nikivifuma vinalia, na vinasimamisha nywele. Nilidhani ni upya wake.”

Akakisogeza kikapu cha uzi.

“Vyote?”

“Vya uzi huo, Mama. Tusekile anasema pamba haina shida hiyo sana.”

“Na yeye mbona hakuja kuniambia?”

“Anakuogopa.”

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea taarifa nzuri. “Aendelee kuniogopa,” akasema. “Lakini aseme.”

Akanifungia maharage kwenye mfuko. Sijui kama amekasirika. Miaka ishirini na tatu nasoma nyuso za watu, hiyo sikuweza.

Jumatatu, 11 Agosti
Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Mama Nzunda alikuwa ameshafika. Ana gunia mkononi, anavua vitambaa kimoja kimoja kama anayewavua watoto nguo za kanisani. Alimwita Tusekile, akamkabidhi gunia, akasema mbele ya wote: “Binti, siku nyingine ukiona moto nyumbani kwangu, usiuache kwa heshima.” Tusekile alipiga goti. Akainuliwa.

Kisha kazi. Kapeti nje. Sakafu ya saruji ikapigwa deki, ndoo ya maji ikaachwa pembeni hewa ipate unyevu. Bamba la chuma likafungwa mlangoni na kuunganishwa na waya wa ethi, wa kupeleka umeme ardhini, unaokwenda kwenye nondo iliyozikwa nje. Sheria: kila anayeingia aliguse kwanza. Tusekile akavaa kwenye kifundo cha mkono bangili yake ya tangu chuoni, yenye waya wake maalumu wa kwenda ethi.

Saa nne kasoro dakika kumi meneja akaingia kushuhudia, na jaketi lake. Tusekile akasimama na bisibisi hewani.

“Meneja, naomba uvue jaketi. Au ubaki nje.”

Meneja akatutazama mmoja mmoja, akamfikia Mama Nzunda.

“Vua, mwanangu,” Mama Nzunda akasema. “Hutakufa na baridi.”

Akavua. Fulana ya ndani ilikuwa na picha ya katuni. Siandiki ni katuni gani, ana watoto. Kisha akagusa bamba, na cheche ikamrukia, tik, ndogo, mbele ya macho yake. Akaitazama ncha ya kidole. Hakusema tena habari za waya.

Tusekile akafungua mfuko wa rangi ya fedha. Akafunga mikseri bila haraka. Saa nne kasoro dakika mbili taa za kijani zikawaka zote. Mama Nzunda akapiga kigelegele ambacho kilikwenda hewani moja kwa moja. Wasikilizaji wamepiga kuuliza nani ameolewa.

Barua sijaiona tena mezani.

Jumatano, 3 Septemba
Bado pakavu. Upepo ule ule, malori yale yale. Hakuna kifaa kilichokufa. Tusekile amesaini mkataba wa kudumu jana, kisha akaenda kukagua nondo ya ethi.

Kapeti liko mapokezi sasa. Meneja husalimu wageni kwa makofi, kwa mbali. Wanadhani ni heshima ya kwao.

Nimekuta kitambaa cheupe juu ya mikseri. Pamba. Maua pembeni. Nimeligusa bamba kwanza, kisha nikakiinua. Kimya. Nimesoma bei ya mahindi.