Ngazi ya Sungura

Ofisi ya Halmashauri,
Verbytsia,
Saskatchewan.

11 Mei 1996

Mpendwa Shangazi Lesia,

Kristo amefufuka! Najua umeitikia hapo ulipo, kwa ile sauti yako ya kanisani inayowafanya wengine wageuke, basi naendelea.

U hali gani, Shangazi? Goti lako linaendeleaje na mvua za pwani? Baba Zenia ameacha kukohoa asubuhi? Sisi huku hatujambo. Bibi anakula, anagomba, anapalilia. Siku ukisikia amenyamaza ndipo uanze kuwa na wasiwasi. Mimi ni mzima wa mwili. Ofisini bado napiga chapa vibali vya mbwa na barua za mifereji iliyoziba, na bado nashtuka simu ikilia, kana kwamba kila anayepiga amegundua kosa langu.

Picha uliyotutumia ilifika. Bibi ameibandika jikoni: wewe umesimama bila koti, Februari, kando ya kichaka kinachotoa maua. Siku ilipofika, kope zangu zilikuwa zimegandamana kwa baridi nikitoka posta. Najua ulikusudia kutufurahisha. Nikienda kwa Bibi huchagua kiti kinachoipa picha hiyo mgongo.

Sasa nije kwenye swali lako. Kabla ya Pasaka uliniandikia kwamba nikuambie kweli, mimi niliye mwangalifu, kama binti yako Zenia anafaa kwa masomo haya ya bustani na kwa baridi yetu, au anapoteza ujana wake. Ukasema nikikuambia hafai, utamtumia tiketi ya basi arudi kwenu mwisho wa mwezi huu. Nimechelewa kujibu, Shangazi. Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana, na kila niliyoichana ilikuwa inasema hafai.

Unajua kwa nini. Bibi anahamia nyumba ya wazee hapa mjini vuli ijayo, na amesema bustani ataachiwa yule atakayeielewa. Mimi nimeitaka bustani ile tangu nikiwa na kimo cha mche wa nyanya. Ndiyo iliyonifanya nijiandikishe katika kozi za cheti pale chuoni Saskatoon. Likizo zangu zote zimeishia huko: udongo, kupogoa, wadudu, miti inayovumilia ukame wetu na baridi inayopasua vigogo. Vyeti vyangu nimevitia kwenye fremu. Niliamini hakuna mwingine atakayeitaka bustani, nikaridhika kama paka jikoni.

Kisha ukatuletea Zenia.

Usinielewe vibaya, ni ndugu yangu na nampenda. Lakini alishuka kwenye basi na viatu vya mvua vya mpira, vile vyembamba vya kwenu, na hata sasa anavivaa akiwa amevijaza magazeti. Nikajiambia, huyu hatafika Krismasi. Akafika. Akajiandikisha kozi zile zile, akakaa dawati la mbele. Siku ya somo la kupogoa Mwalimu Dueck alichukua tawi alilolikata Zenia, akalizungusha darasani ili tuone mkato safi ulivyo. Lilipofika kwangu nililitazama nikitafuta kasoro. Halikuwa nayo. Nikalipitisha.

Mkono wake ni kama wa Babu Hnat, Shangazi. Bibi ndiye aliyelisema hilo, mbele yangu, huku akinipakulia pirohi zake za viazi: "Angalia binti huyu anavyoshika kisu. Marehemu yule yule!" Mimi nimezaliwa maili chache kutoka kaburi la Babu, na sijawahi kuambiwa nafanana naye hata kwa kukoroma. Niliziacha pirohi sahanini. Tangu Jumapili ile nikaacha kwenda shambani kwa Bibi. Nilisema kazi za ofisi zimezidi. Hazikuwa zimezidi. Nilikaa chumbani kwangu nikisoma juu ya magonjwa ya miti, nikila mkate mkavu.

Hapo ndipo mkasa ulipoingia, nawe unastahili kuujua wote, kwa sababu ni mti wako pia. Ule mtofaa wa Babu ulio nyuma ya banda la kuku, aliouotesha kwa mbegu na hakuupa jina, ule uliokuwa ukiupanda ukiwa msichana. Vuli iliyopita, kabla sijaanza kununa, niliuzungushia wavu wa waya kukinga gome dhidi ya sungura, maana wao wakikosa majani hutafuna magome. Nilipima kimo kama tulivyofundishwa, nikaufunga vizuri, nikaenda zangu. Sikumwambia Zenia. Kwa nini nimwambie?

Januari upepo ulipeperusha theluji pale nyuma ya banda, ardhi ikabaki uchi. Zenia alikuwa ametoka darasani kujifunza kwamba theluji ni blanketi la mizizi. Akachukua lile beleshi pana la Bibi, akakusanya theluji ya uani, akaurundikia mti mpaka kirundo kikaupita wavu wangu. Alifanya kama tulivyofundishwa. Naye hakuniambia, kwani angeniambia wapi? Mimi nilikuwa nimesusa.

Jumapili ya Pasaka nilikwenda na kikapu changu kilichobarikiwa, theluji ikiwa inayeyuka. Nikazunguka banda kuutazama mti. Wavu ulikuwa mzima kabisa, na juu ya wavu, kuzunguka shina zima, gome lilikuwa limetafunwa, limebaki pete nyeupe kama mfupa. Sungura walikuwa wamepanda kirundo, wakasimama juu ya theluji, wakala kwa raha zao.

Mti uliotafunwa hivyo haufi siku hiyo. Huchipua, hutoa maua, nawe hufurahi. Mizizi ikimaliza akiba yake, basi. Chakula kinachotengenezwa na majani hushukia ndani ya gome, na sasa hakina tena njia.

Mzee Kindrat, jirani, alikuwa amekuja kusalimia. Alilitazama jeraha, akautazama wavu, akavua kofia kama yuko msibani.

"Hii kazi ya kisomi," alisema. "Mmewajengea sungura ngazi, halafu mkawawekea na uzio ili wasipate tabu ya kuinama!"

"Nyamaza, Kindrat, unanuka vodka siku ya Bwana," Bibi alimwambia. Kisha akatugeukia. "Nani alirundika theluji?"

Shangazi, nilijua. Nilikuwa nimeshaona alama za viatu vyembamba vya mpira, zimegandishwa pembeni mwa kirundo. Na nitakuambia kilichopita moyoni mwangu: kabla ya huzuni, ilikuwa furaha. Nilijiambia, sasa sina haja hata ya kumwandikia Shangazi, mti umenijibia.

"Mimi, Bibi," Zenia alisema.

"Na wavu mfupi?"

"Wavu ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyeufupisha kwa theluji yangu. Kaka Sevko hana kosa."

Hata ukweli alinitangulia kuusema! Nilisimama na kikapu changu cha mayai ya rangi, nikamwonea wivu binamu yangu kwa kosa lake. Nikaona nikinyamaza hapo nitanyamaza maisha yangu yote.

"Nilipima kutoka ardhini, Bibi," nilisema. "Nilipaswa kupima kutoka juu ya theluji. Sungura wa kwetu hatembei ardhini."

Bibi alitutazama, mmoja baada ya mwingine. "Huyu anajua wavu. Huyu anajua theluji. Na hakuna aliyefungua kinywa! Nyumba moja, chuo kimoja, ukoo mmoja, mnapishana kama majogoo. Mume wangu aliupanda mti huu akiwa hana viatu. Mkiuua, nitampa Kindrat bustani afugie nguruwe."

"Nashukuru, mama," alisema Mzee Kindrat.

"Kimya!"

Tuliketi kula mkate wa Pasaka. Bibi aliponyanyuka kuchukua figili kali, ile mizizi inayowasha puani unayoipenda na paja la nguruwe, Zenia alininong'oneza, "Daraja." Nami nilikuwa nafikiria neno hilo hilo tangu supu. Mwalimu Dueck alitufundisha kwamba jeraha la namna hiyo linaweza kuvukwa. Unachukua vikonyo vya mti wenyewe, vijiti vya mwaka jana ambavyo macho yake bado yamelala, unaviweka baridini mpaka gome lianze kulegea mwezi wa Mei. Kisha unachomeka ncha moja chini ya gome zima lililo chini ya jeraha, na ncha nyingine chini ya gome la juu, ili utomvu upite kama watu wavukao mto kwa gogo. Lakini mtu mmoja hawezi. Mmoja achonge na kuchomeka, mwingine ashike, apigilie vijimisumari na kuziba kwa nta kabla mkato haujakauka kwa upepo.

Tulikata vikonyo siku ile ile. Nilivifunga kwa kitambaa chenye unyevu, nikavipeleka kwenye ghala la chini ya jikoni, mbali na matofaa, maana pumzi ya matofaa huua macho ya vikonyo. Na kila kimoja nilikifunga uzi mwekundu ncha ya chini. Zenia alicheka.

"Kaka Sevko, unavivalisha tai viende ofisini?"

Niliendelea kufunga. Mimi siwezi kuweka kitu bila alama, ndivyo nilivyo.

Jumamosi iliyopita gome lililegea. Upepo ulikuwa ule wa kwetu, unaokuja moja kwa moja kutoka upeo wa macho bila kupumzika popote. Zenia alichukua fungu la vikonyo, akavimwaga juu ya gunia, akaanza kuchonga. Halafu akasimama. Alikishika kimoja, akakigeuza juu, akakigeuza chini. Uso ulimbadilika. Vikishakatwa na kuchanganyika, Shangazi, ni vigumu kujua kichwa na miguu, na kikonyo kilichopandikizwa kichwa chini hakifai kitu.

"Uzi," nilimwambia. "Uzi ni miguu."

Akavipanga vyote, nyuzi upande wa chini. "Siku ile nilikucheka," alisema.

"Ulinicheka."

"Basi nicheke na wewe, tumalize. Vidole vya miguu sivisikii."

Sikumcheka. Ingawa nilijisikia vizuri, na sitakuficha hilo. Tukafanya kazi. Yeye alichonga kwa mkono ule wa Babu, mkato mmoja mmoja, bila kurudia. Nami nilishika, nikapigilia, nikaziba kwa nta. Kila alipomaliza mkato nilisikia kijicho kikinichoma, na kila nilipopigilia alisema, "Hapo hapo, usitikisike," nami sikutikisika. Mimi, ninayetetemeka Bi Halvorsen, mkuu wangu wa ofisi, akiniita kwa jina mbele ya wateja! Tulipomaliza shina lilionekana kama mzee aliyefungwa banzi.

Wakati tunaosha nta mikononi aliniuliza, macho yakiwa kwenye beseni, "Mama amekuandikia juu yangu, siyo?"

"Ameandika."

"Umemjibu?"

"Bado."

Akakung'uta maji. "Mwambie nakula vizuri. Mengine andika unavyoona."

Hakunibembeleza. Ningependa angenibembeleza, ningeweza kumkatalia.

Basi ninavyoona ni hivi. Kama daraja litashika tutajua mwezi wa Juni. Bibi hupita pale kila asubuhi kwa fimbo yake, na la bustani hajatoa neno. Zenia akiondoka, huenda nikaipata. Nitakuwa na bustani nzima, na wavu uliopimwa vizuri, na hakuna wa kuniambia kwamba theluji imeupita. Akibaki, huenda yeye ndiye akaipata, nami nitaila hasira yangu kwa kijiko kila Jumapili. Nimelipima hili kwa urefu wote, na safari hii sikupima kutoka ardhini.

Binti yako anafaa, Shangazi. Anafaa kuliko nilivyotaka. Usimtumie tiketi. Mtumie buti, zile nzito za manyoya ndani, saizi moja juu ya mguu wake ili soksi mbili ziingie. Zitume mapema, maana dukani hapa hawaleti za wanawake mpaka watu wameshaganda.

Nisalimie Baba Zenia, na mdogo wetu Romko, mwambie aache kunitumia picha za baharini. Msalimie pia Mama Odarka wa kanisani kwenu. Bibi anakubusu na anasema umekonda kwenye picha. Mzee Kindrat naye anasalimu, anaulizia nguruwe.

Mungu aliyeutunza mti ule miaka yote hii bila jina akutunze na wewe, akulindie goti lako, na azidi kuwapa maua yenu ya Februari. Nitajitahidi kuyatazama.

Wako akupendaye, Sevko wenu, pamoja na wivu wake wote,

Severyn